Pikapu ya Marehemu na Fundi wa Jumapili

"Darlene, toa hilo kartoni kwenye kioo."

"Silitoi."

"Litoe kabla watu hawajaliona."

"Gaylen Pruitt, limewekwa ili lionwe! Na usinikanyagie maua."

Gaylen akashusha macho, akakuta kweli buti lake la kushoto limelala juu ya maua ya watu. Akarudi nyuma mpaka kwenye nyasi za kwake, na ugomvi ukaendelea kutokea huko. Ilikuwa Jumanne saa kumi na moja jioni, saa ambayo mtaa wetu wote uko barazani na glasi za chai baridi, na hakuna aliyejifanya hasikii. Mzee Dewitt wa nyumba ya kona alizima kabisa mashine yake ya kukatia majani asije akapitwa na neno.

Kartoni lenyewe lilikuwa na neno moja tu: INAUZWA. Na kilichokuwa kinauzwa ni Chevrolet nyeusi ya mwaka tisini, pikapu fupi yenye kiti chekundu na injini ambayo ikiwashwa, vikombe kwenye makabati yetu vinagongana. Marehemu Vernon Haskett, mume wa Darlene, aliinunua mpya kabisa, na hakuna harusi wala msiba katika mji huu ambao pikapu ile haikuhudhuria.

"Utamuuzia nani?" Gaylen akauliza.

"Atakayelipa. Kuna mtu wa Tulsa kapiga simu, anakuja Alhamisi."

"Watu wa Tulsa nawajua mimi. Watang'oa injini waifunge kwenye gari la mashindano, bodi waitupe nyuma ya ghala wafugie kuku."

"Basi inunue wewe!"

Gaylen akasogeza kofia nyuma.

"Si umekuwa fundi miaka thelathini na tano? Si unaipenda? Nakupa kwa nusu bei. Isukume tu mpaka kwako, ni hatua ishirini."

"Sitaki kuinunua."

"Huitaki?"

"Sijasema siitaki. Nimesema sitaki kuinunua."

"Ehee! Jamani, msikieni mwanaume huyu!" Darlene akatugeukia sisi wa barazani kama hakimu wake ni sisi. "Hataki kununua, hataki niuze! Sasa wewe unataka nini, Gaylen?"

Sote tukamtazama. Akavua kofia, akachungulia ndani yake kana kwamba jibu limeandikwa humo, akaivaa tena.

"Nataka usiuze," akasema, akaingia kwake.

Sasa tuelewane. Vernon alifariki miaka mitatu iliyopita, moyo ulisimama ghafla. Baada ya mazishi pikapu ilibaki imesimama mbele ya gereji, na Darlene akaapa haitatoka pale na dereva mwingine. Wiki ya tatu Gaylen akavuka nyasi, kofia mkononi. Yeye mkewe alishamkimbia zamani, akahamia Florida na muuza mabwawa ya kuogelea, kwa hiyo upweke anaujua.

"Bibie," akamwambia, "gari kama hili halitakiwi kulala. Lazima liwashwe kila Jumapili, dakika kumi, la sivyo injini inakufa."

"Mimi sijui kuliwasha hilo dude."

"Nitakuja mimi."

Na kweli akawa anakuja. Kila Jumapili watu wakitoka kanisani, saa saba kamili, vikombe vyetu vikianza kugongana tunajua Gaylen kafika. Darlene anatoka na kahawa. Injini inazimwa, mlango wa nyuma wa pikapu unalazwa, wanaukalia miguu ikining'inia, wanakumbushana ya zamani. Dakika kumi zikawa ishirini, ishirini zikawa saa nzima na nusu yake.

"Unakumbuka Ijumaa jioni pale taa za barabarani, karibu na maghala ya ngano?" Gaylen husema. "Vernon anasimama na hii, pembeni kuna kijana na gari lake la michezo, jekundu, limeinama chini kama nyoka. Kijana anacheka. Pikapu ya shamba hiyo!"

"Halafu taa inakuwa kijani."

"Halafu kijana anabaki anasoma namba za nyuma!"

"Na mimi ndani nimekumbatia sahani ya keki ya kanisa, napiga kelele Vernon, Vernon, keki!"

Hapo hucheka mpaka Darlene afute macho. "Siku hizi pikapu zina televisheni tatu na hazina sauti," Gaylen humalizia. "Zikipita unadhani ni friji inahamishwa."

Kilicholeta kartoni ni Jumapili iliyotangulia ugomvi ule. Jumamosi yake Darlene alikwenda saluni. Jumapili akatoka na gauni jipya la buluu na rangi ya mdomo, kahawa mkononi, akasimama pale. Gaylen akamtupia jicho moja, akatumbukiza kichwa ndani ya boneti.

"Leo kaamka vizuri mno," akasema kutoka humo.

"Nani?"

"Injini."

Darlene aliweka kahawa juu ya bampa, akarudi ndani. Kesho yake akakata kartoni.

Jumanne ile usiku haujaingia, simu ikalia. Alikuwa Bev, dada wa marehemu.

"Wifi, nasikia unauza pikapu ya kaka yangu."

"Umekasirika?"

"Mimi? Alinipakia mara mbili maisha yake yote, na zote alinikataza kugusa redio. Uza! Lakini nataka sababu ya kweli."

Darlene akashusha pumzi. "Bev, nina miaka hamsini na nane. Nimejipaka rangi ya mdomo kwa ajili ya mwanaume anayekuja kuona injini. Unaijua aibu hiyo?"

"Una uhakika anakuja kwa injini?"

"Ndicho ninachotaka kujua. Pikapu ikiondoka, Jumapili saa saba atavuka ile nyasi au hatavuka. Asipovuka, basi, nimejua, nitatulia na maisha yangu. Unaniona mbaya, wifi?"

"Kaka yangu ndiye aliyezikwa, si wewe. Uza."

Jumatano zikaja meseji za Gaylen. Darlene alimwonyesha Bev, Bev akatuonyesha sisi wote, kwa hiyo nazinukuu zilivyo.

"Darlene usiuze. Nimeshaagiza betri mpya."

"Betri anaagiza mwenye gari."

"Samahani."

Dakika kumi baadaye: "Lakini usiuze."

Alhamisi mtu wa Tulsa akafika, na mtu mwenyewe ni mwanamke. Teresa Ochoa, umri wa miaka thelathini na kitu, mikono ya shati imekunjwa, gari lake limefunga tela nyuma. Salamu haijaisha ameshalala chali chini ya pikapu.

"Mama, nani anaitunza hii?"

"Jirani yangu, ni fundi. Anaiwasha kila Jumapili."

"Anaiendesha?"

"Hapana, sikutaka itoke. Anaiwasha tu hapo hapo, dakika kumi, anazima."

Teresa akajitoa chini, mgongo vumbi tupu. "Nimeona kazi yake. Ekzosi, bomba lake la moshi, imeliwa na kutu kutokea ndani. Gari likiwashwa dakika kumi halipati moto wa kutosha, unyevu unabaki humo humo kwenye bomba. Bora angeliacha lilale."

"Lakini alisema lisipowashwa kila Jumapili injini inakufa."

Teresa akacheka. "Si kweli hata kidogo. Ama unalipeleka barabarani mpaka lichemke vizuri, ama unafunga betri kwenye chaja unaliacha. Hilo anajua kila mtu anayependa magari haya. Huyo fundi amejifunzia wapi?"

"Miaka thelathini na tano anafanya. Hata huduma ya kwanza ya gari hili, likiwa jipya, aliifanya yeye."

Teresa akaacha kucheka. Akavuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya tena, akakiinua juani.

"Oili hii ni mpya. Gari halitembei, na kuna mtu anabadilisha oili kila baada ya wiki chache. Anajua kabisa anachoharibu, ndiyo maana anajaribu kuokoa kinachobaki." Akamtazama Darlene toka nywele mpaka viatu. "Mama, fundi wako ana mke?"

"Hana."

"Haya. Mimi ni wa magari tu, hayo mengine siyasemei."

Wakati huo Gaylen alikuwa uani kwake anapunguza ua wa michongoma, ule ule, kwa saa nzima, mpaka sehemu moja ukawa na kipara.

"GAYLEN PRUITT! Njoo hapa!"

Akaja na mkasi wake.

"Dada huyu anasema gari halihitaji kuwashwa kila Jumapili. Ni kweli?"

"Kweli."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka themanini na mbili, nilipoanza kazi."

Barazani tukaangua kicheko. Darlene hakucheka.

"Yaani miaka mitatu unanidanganya. Unaozesha gari la mume wangu makusudi, na kahawa nakuletea!"

"Nilikuwa nabadilisha oi..."

"Sikuulizi oili! Nakuuliza kwa nini!"

Hapo neno moja lingemaliza kila kitu. Bev alikuwa ameegesha ng'ambo, kioo chini, anajisemea peke yake, sema, sema baba, sema. Gaylen akamwangalia Darlene, halafu macho yakamkimbia yakaenda kwenye pikapu.

"Niliona si vizuri kuiacha peke yake," akasema.

"Nani? Gari?"

Gaylen akaanza kuchambua majani kwenye mkasi wake.

"Nenda nyumbani, Gaylen," Darlene akasema taratibu.

Akaenda. Bev akapiga usukani kwa ngumi, honi ikalia bila kutaka.

Darlene akamgeukia Teresa. "Wewe utang'oa injini?"

"Ning'oe? Baba yangu alikuwa nayo kama hii. Siku anaiuza nilikuwa darasa la pili, nililia dirishani mpaka pua ikatoka damu. Mama, hii nitazeeka nayo." Akachukua ufunguo, kisha akaurudisha kwenye kiganja cha Darlene. "Ila kabla sijaipakia, ipeleke barabarani wewe mwenyewe. Mara ya mwisho."

"Sijawahi kuiendesha."

"Basi ni mara ya kwanza na ya mwisho."

Jamani, tuliisikia. Kwanza ilitambaa kama jogoo mwenye kiharusi mpaka mwisho wa mtaa, halafu ikaingia barabara kuu, na pale kwenye taa, karibu na maghala ya ngano, Darlene akakanyaga. Mbwa wote walisimama. Watu wa kinyozi walitoka na mashuka shingoni. Mzee Dewitt akavua kofia, machozi yanamlenga, akasema hiyo ndiyo sauti, watoto wa siku hizi wamenyimwa hiyo sauti. Aliporudi, nywele za saluni zilikuwa zimesimama wima na anacheka peke yake. Akapapasa kiti chekundu mara moja, akashuka, akamkabidhi Teresa ufunguo. Jua halijatua, pikapu ilikuwa juu ya tela inaelekea Tulsa.

Ijumaa pazia la Gaylen halikufunguka. Jumamosi vile vile. Mtaani watu wakawekeana dau: Mzee Dewitt aliweka pai nzima ya mke wake kwamba Gaylen hatavuka, na mkewe akamwambia kwa pai yangu hiyo utaniona.

Jumapili saa saba kasorobo hakuna baraza lililokuwa tupu. Saa saba kamili, kimya. Vikombe havikugongana. Saa saba na dakika tano. Bev akaanza kung'ata kucha.

Mlango wa Gaylen ukafunguka.

Alikuwa amepiga pasi shati jeupe. Hana kofia, hana kitambaa cha mafuta, mikono inaning'inia kama ya kuazima. Akavuka nyasi, akayazunguka maua, akaenda kusimama pale pale palipokuwa na pikapu, penye saruji tupu. Darlene akatokea mlangoni na aproni yake.

"Umekuja kuwasha nini?"

"Hakuna cha kuwasha."

"Basi?"

"Alhamisi uliniuliza swali nikajibu ujinga. Nimekaa na jibu siku tatu."

"Sema."

Gaylen akatutazama. "Watu wanasikiliza, Darlene."

"Uongo wako waliusikiliza. Waache wasikilize na ukweli."

"Ningeinunua, ningeipeleka kwangu. Halafu Jumapili ningekuja kwako kufanya nini? Ningesemaje mlangoni? Jumapili ya kwanza nilikuja kwa heshima ya Vernon, nione kama unakula. Ya pili vile vile. Ya tatu nikajikuta nanyoa ndevu." Akashika shingo. "Nakuja kwa ajili yako. Gari nalipenda, sikatai, lakini nimeliozesha ekzosi kwa mikono yangu ili nikae na wewe saa moja. Fundi hafanyi hivyo, Darlene. Fundi akifanya hivyo ujue amekwisha."

Mke wa Dewitt alishika mkono wa mumewe akaubana.

"Na gauni langu la buluu?" Darlene akauliza, sauti imepungua.

"Nililiona. Kwa nini unadhani niliingiza kichwa kwenye boneti? Uso ulikuwa unawaka moto kuliko injini."

Darlene akageuka pembeni, mabega yanatikisika. Tulidhani analia, kumbe anacheka. Alipogeuka tena alikuwa amejikaza.

"Ulinidanganya, Gaylen. Sijasahau, na sitasahau mapema."

"Najua."

"Ekzosi ya yule dada utaifunga mpya."

"Nimeshampigia simu. Jumamosi naenda Tulsa."

"Tunakwenda. Nikuache peke yako utadanganya watu wa huko."

"Tunakwenda," Gaylen akasema, na neno hilo likamkaa mdomoni kama peremende.

"Umekula?"

"Nile wapi? Tangu Alhamisi chakula hakipiti."

"Kuna nyama ya kuoka na viazi, mkate wa mahindi umetoka jikoni sasa hivi, na Bev anakuja na maharage yake, huwezi kumzuia." Akausukuma mlango wa wavu kwa kiwiko, akaushikilia. "Sasa unasimama nini hapo juani? Ingia tule."