Nani Aliyeifungua Difu

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba 1996, gulio la vipuri katika viwanja vya maonyesho vya Saint Paul, Marekani, lilikuwa limefurika. Watu walisukumana kati ya meza zilizojaa gia, betri na taa za magari ya zamani, na harufu ya soseji za kuchoma ilichanganyika na ya oili. Jairus Wafula, nesi kutoka Kitale aliyezuru pia wagonjwa majumbani, alisimama hapo na koti la ngozi na viatu vilivyong'aa kupita kiasi kwa mahali kama pale. Mkononi alishika mota ndogo ya umeme.

"Usinunue hiyo," sauti ya kike ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa dada mrefu mwenye kofia nyekundu ya sufu, ovaroli ya buluu na heleni ndogo za dhahabu.

"Umejuaje naongea Kiswahili?"

"Umemwambia muuzaji 'sawa sawa' mara tatu, na hajaelewa hata moja." Alicheka. "Hiyo mota ni ya loki ya difu. Yako imekufa, sio?"

"Imekwama. Nilikuwa naenda kwa mgonjwa mwezi Machi, tairi moja ikazunguka kwenye barafu na zingine zikaniangalia tu. Nikabonyeza swichi ya loki ili difu, zile gia za nyuma, izungushe tairi zote mbili pamoja, kimya."

"Ni chumvi wanayomwaga barabarani. Inaingia kwenye mota, inakula. Ukiweka nyingine kama hiyo, baada ya majira mawili ya baridi utarudi hapa. Gari lako linahitaji loki ya upepo. Kompresa ndogo, mpira mwembamba wa kupitisha upepo, basi."

"Na nani anaziweka?"

"Mimi."

Jairus alimtazama kuanzia kofia hadi buti. Kichwani alijiambia kwamba fundi anayekukataza kununua cha mwenzake ana chake cha kuuza. Lakini macho yake yalikuwa yameshakwama kwenye kile kicheko.

"Unaitwa nani?"

"Blandina. Niko gereji ya Bwana Allan, Hopkins. Na wewe Mkenya, usije na viatu hivyo."

Alikuja na viatu vilevile.

Kazi ilichukua Jumamosi mbili. Blandina alikuwa amekulia kwenye gereji ya baba yake Arusha, kisha akasomea ufundi chuoni hukohuko Marekani. Aliitoa difu ya nyuma, akaiweka mezani kama mtu anayemlaza mtoto, akaondoa loki ya kiwandani na kuweka ile mpya. Halafu akaanza kupima jinsi meno ya gia yanavyokutana. Alipima, akafungua, akapima tena, mara sita. Jairus alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akimwonyesha biskuti.

"Kula kidogo, mrembo."

"Mikono ina grisi. Nilishe."

Alimlisha. Bwana Allan, mzee wa Kimarekani mwenye gereji, alikohoa na kugeukia ukutani.

Wiki zilizofuata simu haikupoa. "Laazizi, umefika?" "Nimefika, fundi wangu. Nime-drive hadi kwa yule mgonjwa wangu, mzee wa shambani, theluji magotini. Nimebonyeza, ikafunga, tairi zote mbili zikavuta pamoja. Hiyo kitu ni noma!" "Sema 'ni nzuri', bwana. Kiswahili kinalia." Blandina alikuwa akimpikia ndizi nyama katika nyumba yake ndogo ya ghorofa, na Jairus akiosha vyombo kwa umakini wa mtu wa hospitali.

Aliyetia sumu alikuwa Naftali, rafiki aliyeishi na Jairus katika mji wa Brooklyn Center.

"Sisemi hajui kazi," Naftali alisema. "Lakini anakupenda. Akikosea, atakuambia? Difu ikivunjika ukiwa peke yako huko mashambani, digrii ishirini chini ya sifuri?"

Jairus alimwambia anyamaze. Lakini tangu siku hiyo alianza kusikiliza gari. Kila mlio mdogo kutoka nyuma ulimwambia jambo. Alipomuuliza Blandina, Blandina alisema, "Ni sauti ya matairi, mpenzi." Alijibu haraka mno, Jairus aliwaza.

Jumatano moja ya Desemba Blandina alipiga simu nyumbani kwa Jairus na Naftali. Naftali alipokea.

"Jairus? Ametoka… nadhani yuko kazini."

"Kazini wamesema leo ni mapumziko yake."

"Basi labda ameenda mahali."

Blandina alikata simu. Aliwaza mambo ambayo mwanamke yeyote angewaza. Alimtumia namba yake kwenye peja mara mbili. Jairus alimpigia saa nne baadaye.

"Ulikuwa wapi?"

"Kazini, beibi. Siku ndefu."

Jumapili walikutana kanisani. Blandina alivaa gauni la kitenge la zambarau na koti refu jeusi, midomo imepakwa rangi ya mvinyo. Jairus alipomkumbatia mlangoni, Blandina alivuta pumzi kwenye kola ya lile koti la ngozi, tayari kukuta manukato ya mwanamke mwingine. Alikuta harufu ya oili ya difu.

Alibaki amesimama. Harufu ile huijua mtu aliyeivaa mwenyewe. Ni nzito, ina kiberiti ndani yake, haitoki kwa kufua mara moja. Nesi ameipata wapi?

Ibada ilipokwisha, watu wakiwa bado wanasalimiana kwenye maegesho, Blandina alikwenda kwenye gari la Jairus, akavua koti, akalitandika kwenye barafu, akalala chali na gauni lake na kujiingiza chini ya gari.

"Blandina! Watu wanaona!"

Sauti yake ilitoka chini, tulivu. "Mimi natumia silikoni nyeusi kuziba difu. Hii ni ya kijivu. Nani ameifungua difu?"

Jairus aliona viatu vyake vya kisigino vikiwa vimetulia tuli juu ya barafu. Alitamani vipige teke.

"Fundi mmoja, Bloomington," alisema hatimaye. "Nilikuwa nataka ku-confirm tu."

Blandina alijivuta nje na kukaa. Theluji ilikuwa imemshika kwenye nywele.

"Amekuta nini?"

"Amesema kazi ni safi. Amesema hajaona meno yaliyopangwa vizuri namna hiyo."

"Hongera. Sasa unaniamini, kwa kuwa mwanamume mwenzako amekuruhusu."

"Sio hivyo! Kazini dawa kali tunahakiki watu wawili. Ni utaratibu."

"Na yule wa kwanza, huwa mnamficha?"

Jairus alilijua jibu. Kazini yule wa kwanza husimama hapohapo na kutia sahihi pamoja na mwenzake.

"Nilidhani una mwanamke," Blandina alisema akikung'uta koti. "Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Maisha yangu yote wanaume wamerudia kazi yangu nikigeuka. Sikujua na wewe umo." Akaenda kupanda gari la rafiki yake.

Krismasi ilipita. Jairus alipiga simu gereji, na Bwana Allan alijibu kila mara kwamba Blandina ana shughuli.

Katikati ya Januari dhoruba ilipiga siku mbili mfululizo. Saa tatu asubuhi ya siku ya tatu simu ya gereji ililia. Bwana Allan alisikiliza, kisha akamnyooshea Blandina mkono wa simu bila kuuliza.

"Blandina, usikate. Niko kwa yule mzee wa shambani, Cyrus. Anapumua vibaya, mtungi wa oksijeni una saa mbili. Ambulensi imekwama barabara kuu, inangoja hapo. Gari langu limekwama kwenye njia ya kutoka kwake. Loki haishiki."

Wazo la kwanza la Blandina lilikuwa kwamba anamlaumu. Alilimeza.

"Washa kompresa. Sikiliza kama inazima yenyewe, kisha rudi uniambie."

Alisikia mlango, upepo, ukimya, na kikohozi cha mzee kwa mbali. Mlango tena.

"Haizimi. Inaendelea tu."

"Upepo unavuja. Fuata mpira kuanzia kwenye difu, pale anapofungua mtu akiitoa. Shika kwa vidole, uje."

Safari hii alichelewa zaidi.

"Umegusa bomba la moshi. Umeyeyuka, una tundu. Ni yule fundi. Hakuurudisha ulipokuwa. Ni mimi niliyempelekea."

"Hayo baadaye. Nilikuachia urefu wa ziada wa mpira, umekunjwa kwenye fremu. Kata sehemu mbovu, kata wima kabisa, usikate mshazari. Legeza nati ndogo ya difu, toa kipande cha zamani, ingiza ncha mpya ya mpira mpaka igote, kaza. Kisha uufunge mpira mbali na bomba la moshi."

"Vidole vimekufa ganzi."

"Viweke kwapani kwanza. Jairus, unajua kutafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto. Hii ni rahisi zaidi. Nenda."

Jairus aliiacha simu wazi. Blandina alisimama nayo sikioni dakika kumi na nane, macho kwenye saa ya ukutani. Kisha akasikia, kutoka mbali kabisa, injini ikivuta kwa nguvu na mzee Cyrus akipiga mluzi dhaifu. Hakuna aliyerudi kuongea. Alijua wameondoka.

Jioni Jairus alifika gereji, midomo imepasuka kwa baridi.

"Mzee yuko wodini, anataka kahawa," alisema. "Nisikilize, hapa mbele ya Bwana Allan. Nilimficha fundi wangu jambo. Nilikuwa na shaka, nilipaswa kuisema mbele yako. Niliogopa ungekasirika, nikafanya kitu kibaya zaidi."

Blandina alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Bado utakuwa na shaka. Umeumbwa hivyo."

"Nitakuwa nayo. Nitakuambia."

"Hata saa nane za usiku?"

"Nitakuamsha." Alivuta pumzi. "Nioe… ngoja, nakosea. Nikuoe, Blandina? Nakubali ukicheka."

Hakucheka. Alimtazama muda mrefu kiasi kwamba Bwana Allan, asiyejua neno la Kiswahili, aliweka spana chini.

"Sijakuamini bado," alisema. "Nitakuwa nachungulia. Nipe mpaka theluji iishe."

Mwaka ule theluji ilikawia kuyeyuka. Jairus alikuja kila Jumamosi, akakaa kwenye ndoo yake, na mara mbili alisema wazi, "Leo nina wasiwasi na jambo hili," wakalizungumza, mara moja kwa kelele. Aprili mito ilifurika, mabustani yakageuka matope.

Jumanne moja asubuhi simu ya Jairus ililia.

"Theluji imeisha huku Hopkins," Blandina alisema.

"Hapana, bado kuna kilima kidogo nyuma ya duka la—"

"Jairus. Imeisha."