Mapigo Matatu Uvunguni

Kobejeki hakuwa na haraka. Alilala kifudifudi uvunguni mwa nyumba, mahali ambapo mtu mzima hawezi hata kukaa kitako, akaegemeza mgongo wake wa chuma kwenye boriti iliyolegea, kisha akagonga mara tatu. Ko, ko, ko. Ndipo akaanza kuinua sakafu, unene wa unywele mmoja kwa dakika.

Jiji zima la Lushoto lilimpenda. Mwaka huo wa 2097 nyumba za mteremkoni zote zilikuwa za mbao juu ya nguzo fupi, na sakafu ikibonyea hukuhangaika kutafuta fundi. Ulimwita kobejeki, ukaendelea na chai yako. Na yale mapigo yake! Mashine inabisha hodi, jamani, wakati binadamu wengine hawabishi.

Mhandisi Mwantumu Shekilindi alikuwa mmoja wa waliomuunda. Asubuhi hiyo alilala kando yake, vumbi limemjaa puani, kwa kuwa sakafu iliyobonyea ilikuwa ya mama yake. Hapo hapo uvunguni ndipo baba yake, fundi Rajabu, alipoangukiwa na boriti miaka ishirini na sita iliyopita. Alikufa papo hapo, waliambiwa. Hilo "papo hapo" ndilo lililompa Mwantumu usingizi miaka yote hiyo.

"Mama, amegonga!"

"Nimesikia, mwanangu. Nimesimama," mama akajibu kutoka ndani, juu ya kichwa chake.

Ilikuwa sheria ya baba. Akigonga mara tatu, aliye juu asimame palepale alipo, maana hatua moja tu yaweza kuitoa jeki mahali pake. Asisogee mpaka fundi atoke nje amwite.

Mwantumu akakunja uso. Sheria ya baba! Yeye hakumwandikia kobejeki kitu kama hicho; siku zote alidhani mapigo ni wazo la mwenzake kiwandani.

"Kobe, simama. Nani alikufundisha kugonga?"

"Fundi Rajabu Shekilindi," kobe akajibu kwa upole wake wa kila siku.

Mwantumu akamgeukia. Alijua kwamba zamani kiwanda kiliwavalisha mafundi stadi vinasamwendo mikononi na kifuani, vya kunasa kila mwendo na sauti, ili mashine zijifunze kwao. Hakujua kwamba baba alikuwa mmoja wao.

"Ndilo somo alilolirudia kuliko yote," kobe akaendelea. "Siku yake ya mwisho aligonga mara tatu, akapumzika, akagonga tena. Alifanya hivyo mara kumi na tisa, kwa dakika arobaini na saba. Boriti ilikuwa kifuani, sauti haikutoka. Mkono wa kulia ulikuwa huru, umeshika nyundo."

"Nyamaza! Nyamaza, wewe!"

Dakika arobaini na saba, ya Rabi! Mwantumu alikuwa na miaka tisa wakati huo. Aliikumbuka siku ile vizuri mno: yeye kando ya kabati, amebana mkojo, anajisifu moyoni kwamba hatikisiki, mama mlangoni, ungo wa maharage mkononi. Kila baba alipogonga, mama alimnyooshea kidole: tulia. Wakatulia. Wakatulia mpaka kugonga kukakoma, wakadhani kazi imekwisha.

Baba alikuwa anawaita, nao wakamtii.

Na sasa kobejeki elfu nane wanagonga nchi nzima, watu wanachekelea adabu zao!

"Mwantumu?" Sauti ya mama ikashuka kupitia mbao. "Bado tu? Magoti yananiuma."

"Sogea, mama! Kaa! Tembea utakavyo!"

Akatega sikio. Hakusikia hata hatua moja.

"Wewe toka kwanza nje uniite," mama akasema, na kicheko kikasikika ndani ya sauti yake. "Baba yako angenigombeza."

Mwantumu akaanza kutambaa kuelekea kwenye mwanga, viwiko vikichubuka, akilia kwa sauti bila kujali nani anasikia. Hakujua atamwambia nini akimwona. Alijua tu kwamba mama amesimama, anangoja kuitwa.