Hesabu ya Ndala

Kila asubuhi kabla ya shule, Mwanne alichota ndoo mbili za maji ya kisima, akafagia uani, ndipo akavaa sare. Alikaa Kariakoo, kwenye mtaa ambao nyumba moja ina vyumba kumi na kila chumba kina mpangaji wake.

Wiki hiyo Mwalimu Athanas wa Jiografia aliwagawia wanafunzi nyumba za mtaa.

"Kitabu kinasema jiji letu lina watu wengi. Haya, mtaa huu una wangapi? Pigeni hodi, ulizeni, andikeni. Mjumbe wetu, Mzee Nassibu, atatumia hesabu zenu kugawa vidonge vya kutibu maji. Mvua imefurisha vyoo, na kipindupindu kimeshaingia mtaa wa pili."

Vidhi, rafiki yake wa darasani, alipewa ghorofa. Alipanda ngazi zote, mlango kwa mlango. Mwanne alipewa nyumba inayotazamana na kwao, na lo, uvivu ukamshika! Jioni alisimama kwenye ukumbi wa nyumba ile, akahesabu jozi za ndala zilizovuliwa milangoni. Jozi ishirini na nne, basi watu ishirini na wanne. Chumba cha mwisho, karibu na choo, hakikuwa na ndala. Akaandika: hakina mtu.

"Umeshamaliza?" Vidhi aliuliza, jasho likimtoka.

"Mimi tena! Dakika tano tu."

Kumbe chumba kile alikaa Bibi Scholastika, mwanamke wa Songea aliyefua nguo za watu. Siku ya kugawa vidonge alirudi kazini amechoka, akaambiwa chumba chake hakimo kwenye orodha na vidonge vimekwisha. Akanywa maji ya kisima vivyo hivyo.

Siku ya tatu Mwanne na Vidhi walitoka shule wakakuta watu wamejaa kwenye baraza ya nyumba ile. Bibi Scholastika alikuwa akipakiwa kwenye bajaji. Macho yalikuwa yameingia ndani, na hakuweza hata kuitika.

Mzee Nassibu alishika karatasi. "Nani aliandika hapa hakuna mtu?"

Mwanne alijua ni yeye. Angeweza kunyamaza. Vidhi alimtazama.

"Ni mimi, babu," alisema, akaangua kilio. "Sikupiga hodi. Nilihesabu ndala."

"Ndala? Mungu wangu! Mtoto wewe, utatuulia watu!" Mzee Nassibu aligeuka. "Mwalimu aitwe. Nyumba hii inahesabiwa upya sasa hivi."

Walibisha kila mlango, Mwanne mbele. Walikuta watu saba wengine ambao hawakuandikwa, mmoja wao mtoto mchanga ambaye hajavaa ndala tangu azaliwe. Kabla ya magharibi vidonge vingine vilipatikana, na hakuna mwingine aliyeugua nyumbani mle.

Bibi Scholastika alirudi baada ya siku tisa, amekonda, akitembea kwa kushika ukuta. Mwanne alipiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni wewe uliyehesabu ndala?"

"Ni mimi, bibi. Nisamehe."

Bibi alikaa kitandani taratibu. Ndala zake zilikuwa chini ya kitanda.

"Mlangoni huibwa, ndiyo maana naziingiza ndani. Nimekusamehe, mjukuu wangu. Ila ukipewa kazi, ifanye yote, maana nyuma yake kuna watu. Ndala hazinywi maji."