Mzunguko wa Nane

Cherehani ililia gizani, ikanyamaza, ikaanza tena. Kidoti, akiwa bado kitandani, alijua mama yake anapunguza kiuno cha bukta ya mbio. Alipoivaa na kurukaruka haikushuka. Mama akacheka, akasema ikishuka leo, fundi atahama mtaa.

Siku hiyo shule ilikuwa inamchagua mkimbiaji mmoja tu wa kwenda mashindano ya wilaya. Ilikuwa mizunguko minane ya uwanja. Kidoti alikuwa amefanya mazoezi kila alfajiri kwa miezi mitatu, na aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Aliyemtia wasiwasi ni Swala, msichana mgeni aliyehamia muhula ule.

Katika mzunguko wa nne, pale njia ilipopita nyuma ya madarasa, kichomi kilimbana Kidoti. Akatembea muda mrefu ameshika ubavu, wenzake wakampita mmoja mmoja. Kilipoachia, akakaza mwendo. Mwishoni alivuka mstari hatua mbili mbele ya Swala, na filimbi ikalia. Mwalimu wa michezo, aliyekuwa akiwahesabia watoto ishirini mizunguko yao peke yake, akamwinua Kidoti mkono.

Swala akalalamika kwamba yeye ndiye wa kwanza, kwani alikuwa amemzidi Kidoti mzunguko mzima. Wanafunzi wakamzomea. Mmoja akamwambia aende akalilie kwao. Swala akainama, akaanza kuvua viatu.

Kidoti alijua hesabu yake. Mwalimu hakumwona akitembea kule nyuma, waliompita hawakuwa wakihesabu mizunguko yake, na kunyamaza tu kungetosha. Akaushusha mkono.

"Mwalimu, mimi nimekimbia saba. Swala ndiye mshindi."

Mwalimu akapekua daftari alimoandika mizunguko, akajikuna kichwa, akakiri mbele ya wote kwamba amekosea. Akamwomba Swala radhi, na waliomzomea wakafanya vivyo hivyo. Kisha akamgeukia Kidoti.

"Mwanangu, ukishindwa leo unaweza kushinda mwakani. Lakini ushindi wa mwenzako hata ukiuchukua hauwi wako, na wa kwanza kujua ni wewe mwenyewe. Mkimbiaji wa kweli ni wewe."

Kidoti akaitikia kwa kichwa, akakaza kamba za viatu, akarudi uwanjani. Alikimbia mzunguko uliobaki peke yake, kifua mbele, shule nzima ikimtazama. Swala alimngoja mwishoni, viatu mkononi, akimshangilia. Kidoti akavuka mstari, akavuta pumzi.

"Sasa nimemaliza, Mwalimu," akasema.