Kilo 66.3 za Ziada

Saa 12:10 jioni, Jumanne, mizani ya ghala la mizigo ya ndege la Al Garhoud ilisoma kilo 5.8. Hati ya sanduku lililokuwa juu yake ilisema 2.1.

Alfred, mpimaji mizigo, aliliondoa, akalirudisha.

Kilo 19.

"Mzigo wa Dublin unafungwa saa moja," alisema Irshad, msimamizi wao kutoka Mombasa. "Kisanduku kama cha viatu kinakushinda?"

"Mizani ndiyo inayonishinda, bosi."

"Ilikuwa nzima mpaka ulipoishika wewe. Ushapata maonyo mawili. La tatu, kazi imekwisha, tunakurudisha kwenu Kisii kwa ndege. Yalla, fanya haraka!"

Alfred alilishusha sanduku. Akapima jiwe la mizani la kilo ishirini. Ishirini kamili. Akasoma tena karatasi iliyobandikwa na familia juu ya sanduku. Sanduku limetoka Australia, linarudishwa kwa jamaa. Ndani: barua nne, rozari, kifungo cha koti. Mwenye vitu hivyo alikuwa mwanamapinduzi wa Ireland, akapigwa risasi na Waingereza mwaka 1921. Familia haikukabidhiwa mwili; ulifukiwa kwa chokaa uwanjani mwa gereza.

Akaliweka tena.

Kilo 68.4.

"Sitini na sita nukta tatu za ziada," Irshad alihesabu. "Umekanyaga mizani?"

Alfred alirudi nyuma hatua mbili, mikono juu. Namba hazikushuka.

Kisha harufu… Chokaa mbichi. Udongo uliolowa. Mvua haikuwa imenyesha tangu Machi.

Emiliana, mfungaji mizigo kutoka Mbeya, alisogea. "Kaka Alfred," alinong'ona, "jeneza likipita hapa tunafanyaje?"

"Tunavua kofia. Tunazima mkanda wa mizigo."

"Na huyu mmemtupa kwenye mkanda pamoja na viatu vya watu."

Alfred hakuamini mambo hayo. Lakini saa ya ukutani ilisema 12:51. Akavua kofia kwa hasira, akazima mkanda. Ghala likanyamaza.

"Haya basi, mzee," alisema. "Nenda kwenu."

Kitu kilishusha pumzi… karibu na sikio lake.

2.1.

Alilibeba mwenyewe, kwa mikono miwili, hadi kwenye toroli. Ndege iliruka saa 1:40.

Saa 1:55 Irshad alimwita. Mizani ilikuwa tupu.

Ilisoma kilo 66.3.

Wakachomoa waya wa umeme. Namba zilibaki.

"Ni betri," alisema Irshad. Hakuisogelea.

Saa 2:10 usiku Alfred alitia saini onyo la tatu. Sababu iliyoandikwa: kuharibu mizani.