Pumzi Chini ya Kibati

Jua lilikuwa limeshazama upande wa Zambia, na Anyosisye alikuwa nusu ya njia kurudi nyumbani, alipoingiza mkono mfukoni akakuta kofuli la gereji yake. Akageuka. Barabarani, hapo Tunduma, malori ya kwenda mpakani yalikuwa yamesimama foleni kama kawaida, madereva wakisonga ugali kando ya matairi. Jioni isiyo na jambo.

Alishika mlango wa bati ili aufunge. Akasikia mtu anahema ndani.

Kuhema kwa taabu. Hewa iliingia na mluzi mwembamba... ikakwama... ikatoka kidogo kidogo, kama inayoomba ruhusa.

Aliwasha tochi ya simu. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na injini tu juu ya stendi yake, baridi, haijawashwa tangu mchana.

Injini ya lori la Ferdinand.

Anyosisye aliijua pumzi ile. Ndiyo iliyomkosesha usingizi kule kijijini Ihanda, majuma ya mwisho ya kaka yake. Ujana wote Ferdinand alichimba dhahabu kule Mkwajuni. Miamba ilimpa lori, ikamjaza vumbi mapafuni. Hata alipokuwa hawezi kulala chali, aliwaza lori lake. "Ijenge upya injini, mdogo wangu," alinong'ona. "Ijenge iweze kubeba tabo."

Tabo ni kile kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, lori likapanda mlima na mzigo wa kahawa bila kutweta. Pesa ya kuinunua hawakuwa nayo. Lakini injini inaweza kuandaliwa mapema kama nyumba inayomsubiri mgeni. Baada ya mazishi, Anyosisye aliweka pistoni ngumu na gasketi nene, akatoboa njia ya oili, kisha akafungua mdomo kwenye bomba la hewa, pale tabo itakapopuliza siku moja. Mdomo ule akauziba kwa kibati na nati nne.

Tangu ilipowashwa mara ya kwanza, injini haikumridhisha. Moshi mweusi. Nguvu hakuna. Alipunguza dizeli, akarudia taimingi, yaani wakati wa dizeli kuwaka, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na sikio kwenye mpini, kama mafundi wanavyosikiliza. Kefa, mchomeleaji wa jirani, alicheka: "Fundi, hiyo injini umeipa pumu!"

Anyosisye hakucheka. Jioni hii alifunga mlango, akaenda zake, akajiambia ni majonzi tu.

Kesho yake, jua likizama, alikuta kofuli limefunguliwa, ufunguo wa akiba wa nyumbani ukiwa bado ndani yake.

Sekela, mjane wa Ferdinand, alikuwa amepiga magoti mbele ya injini. Tangu matanga yaishe alikuwa akiishi nyumbani kwa Anyosisye pamoja na Angel, mwanawe. Kibati kilikuwa sakafuni. Midomo ya Sekela ilikuwa imebanwa juu ya tundu.

Alikuwa anapuliza.

"Shemeji! Unafanya nini?"

"Taratibu," alinong'ona bila kugeuka. "Utamshtua."

"Nani?"

"Kwani humjui kaka yako? Hewa haimtoshi. Namwongezea."

Akapuliza tena. Ndani ya chuma, kitu kikapokea... kikavuta kwa kina kuliko jana. Na kilipovuta, Sekela alishika kifua.

Ndipo Anyosisye alipomtazama vizuri. Mifupa ya shingo imemtoka. Siku hizi alisimama mara mbilimbili kwenye kamlima ka kwenda nyumbani, na wote walisema ni huzuni. Sasa, katika ukimya wa gereji, aliusikia mluzi ukitokea kooni mwake yeye.

"Utakufa, Sekela."

"Nipe jioni moja tu. Moja."

"Na Angel je? Atalelewa na injini?"

Sekela alilaza shavu kwenye chuma kama kwenye bega la mtu. Anyosisye hakuweza kumhukumu, kwa sababu na yeye aliitaka jioni hiyo. Alikaa chini kando yake. Wakasikiliza wote wawili. Ilikuwa pumzi ya Ferdinand kabisa, na mwishoni kile kikohozi kidogo cha aibu, kama anayechelea kuamsha watu.

Kisha Sekela akakohoa vilevile.

Anyosisye akachukua spana.

Alifungua bomba lote la hewa, akaingiza mkono. Vidole vikagusa kitu laini.

Chenye majimaji.

Cha moto.

Injini ikiwa wazi, fundi huziba matundu yake kwa matambaa ili vumbi na nati visidondokee ndani. Fundi mwenye mawazo mengi husahau moja. Alivuta. Kitambaa kikaja polepole, kirefu, na pamoja nacho harufu ya dawa ya kuchua kifua.

Kilikuwa cha bluu hafifu, mistari myeupe.

Alilijua shati lile. Vifungo vyake alivifunga kifuani mwa kaka yake kwa mikono yake mwenyewe, asubuhi ya mazishi. Aliona jeneza likifunikwa.

"Umemzima!" Sekela alilia. Ni sauti ileile aliyoitoa kaburini. "Umemzima, shemeji!"

Ndani ya chuma pumzi ilikuwa imekatika.

Matambaa yale yalitoka kwenye furushi la nguo kuukuu ambalo Sekela mwenyewe alilileta. Labda alikata pindo la shati kabla jeneza halijafungwa, apate cha kubaki nacho, kisha likachanganyika. Labda. Kijijini jambo kama hilo lina jina jingine, na kwa jina hilo mwanamke hufukuzwa kwenye nyumba yake. Anyosisye hakumuuliza. Alikichoma kitambaa peke yake, hakumsimulia mtu.

Asubuhi injini iliwaka mara moja. Moshi safi, mlio mmoja. Kefa akapiga makofi. Msimu wa kahawa lori lilibeba mizigo kutoka Hasamba, na Sekela akarudisha mwili. Sasa anapanda kale kamlima huku anaongea. Gerejini hakanyagi.

Tabo ilipatikana Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwenye lori bovu. Ipo chini ya benchi, ndani ya gunia.

"Mbona huifungi?" Kefa humuuliza.

"Bado."

Jioni moja alijaribu kuifunga. Lori lilikuwa limelala gerejini, injini imepoa. Alifungua nati nne, akageuza kibati. Upande wa ndani ulikuwa na ukungu, kama kioo kilichohemewa.

Na kutoka kwenye tundu... hewa ikavutwa. Kidogo sana. Bila mluzi. Kwa subira.

Alikirudisha kibati haraka, akakaza nati zote, akachukua kofuli. Mlangoni akasimama. Aliijua hewa ya Tunduma: upenyo wowote huingiza vumbi, na vumbi huua injini kama linavyoua mtu. Alishamzika mtu kwa sababu ya vumbi.

Akarudi, akalegeza nati moja, nusu mzunguko, kaka apate hewa.