Pete ya Mama Yake Alka

Rafiki yangu Alka aliingia karakana ya sonara mmoja kule mtaa wa Kenton akiwa amefura kwa hasira. Pete ya marehemu mama yake ilikuwa na yakuti ya buluu, na nyuma yake liliachwa tundu ili jiwe liguse ngozi ya mvaaji na kumkinga. Sasa tundu hilo lilikuwa limezibwa kwa dhahabu.

"Nilikuomba uipanue initoshe, basi! Nani alikutuma uzibe?"

"Sikuziba mimi, binti yangu," sonara, mzee Gurdial, alisema. "Nimelifungua mara tatu. Kila nikirudi nalikuta limezibwa tena."

"Usinidanganye, anko!"

Taa zikazimika. Gizani wakasikia kinyundo kikigonga taratibu, ndani ya pete iliyokuwa kiganjani mwa Alka.